Mmoja Wenu Anadanganya

Mume wangu Nassibu alinipa talaka mwaka juzi, baada ya miaka ishirini na mbili ya ndoa, kwa sababu mashine ya kupimia sukari ilikataa kushuka chini ya kumi na sita. Majirani zetu wa Ilala wana maelezo yao mengine, na mimi siwasumbui. Ila ilivyokuwa ni hivi.

Nassibu alikuwa mkaanga samaki pale soko la samaki la Feri. Alikuwa na meza yake, karai kubwa kama beseni la kufulia, na wateja waliomfuata kutoka maofisini Posta kila saa sita mchana. Mimi nilikuwa, na bado niko, muuza viungo Kariakoo, pembeni ya Mtaa wa Mkunguni. Wote wawili kwetu Lindi. Binti yetu mmoja, Hidaya, ameolewa hukohuko Lindi, kwa hiyo kwenye chumba na sebule yetu tulibaki wawili tu, na chochote Nassibu alichokula nyumbani nilikipika mimi.

Sukari iligundulika akiwa na miaka hamsini na moja. Alikonda, kiu haikumwisha, haja ndogo kila baada ya muda mfupi. Tukaenda kliniki moja ya mtu binafsi hapo Kariakoo, ghorofani, juu ya maduka ya mapazia. Daktari wa pale alikuwa anakuja Jumatano tu kusaini mafaili. Siku nyingine zote wagonjwa wa sukari walikuwa wa nesi mmoja mtu mzima, sista Jovitha. Yeye ndiye aliyetupa vidonge, na yeye ndiye aliyetupa karatasi.

Karatasi ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja vyakula vya kuacha: maembe, ndizi, mihogo, viazi, dona, maharage, mbaazi, kunde. Upande wa pili vyakula vya kula: samaki, nyama, kuku, mayai. Chini kabisa aliandika kwa mkono wake: ugali wa sembe, ukubwa wa ngumi, mara moja kwa siku.

Pale penye mbaazi nilikwama, maana kwetu kusini nyumba isiyo na mbaazi ni nyumba isiyo na chakula.

"Sista, hata mbaazi?"

"Mbaazi ni wanga, mama. Wanga ni sukari. Mumeo si mkaanga samaki? Basi dawa anayo mkononi. Samaki hana sukari, mafuta hayana sukari. Ale."

Nassibu alitoka pale anatabasamu. Mgonjwa gani hatafurahi kuambiwa ale kile anachouza.

Na alitii. Nasema hivi kwa sababu baadaye hakuna aliyeamini. Asubuhi mayai mawili ya kukaanga. Mchana samaki wa karai lake mwenyewe, wakati mwingine wawili, bila kachumbari kwa kuwa aliogopa nyanya. Jioni nyama ya kukaanga au samaki aliyebaki, na kile kingumi cha sembe. Mafuta ya karai alikuwa anayatumia siku tatu, nne, mpaka yanakuwa meusi kama chai ya rangi. Ndivyo wanavyofanya wengi pale na yeye hakuona ubaya. Msimu wa maembe ulipofika akawa anapita kwa wauza matunda amegeuza uso kama mtu anayepita kwa anayemdai.

Mwezi wa kwanza sukari ilitoka kumi na saba ikaja tisa. Sista Jovitha alimpigia makofi mbele ya wenzake. Mwezi wa tatu ikawa kumi na mbili. Akaongezewa vidonge. Mwezi wa tano kumi na nne. Akaongezewa tena. Kisha ikapanda kumi na sita ikakaa hapo.

Katika miezi hiyo tumbo lake halikuwa sawa. Lilimjaa gesi, akakaa siku tatu bila choo, ya nne anaharisha. Alipoharisha, alinunua vidonge vya kuua vijidudu duka la dawa, anameza siku mbili, akipata nafuu anaviacha. Aliwahi kumwambia sista Jovitha. Sista akamjibu kwamba yeye anashughulika na sukari, tumbo ni chumba namba nne. Chumba namba nne kulikuwa na foleni na malipo mengine. Hatukwenda.

Ndipo nilipoanza kuandika. Nilinunua daftari la shule, nikawa naandika kila anachokula, saa ngapi, kimepikwaje, vidonge alivyomeza, na tumbo lilivyokuwa siku hiyo. Nilidhani wakiona wataelewa wapi pa kurekebisha.

Siku niliyolipeleka, mlango wa sista ulikuwa wazi na kwenye benchi la nje kulikuwa na watu kama sita. Alimtoboa Nassibu kidole, akaitazama mashine, akavua miwani.

"Kumi na sita nukta nne," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi benchini. "Baba, mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Vidonge nimekupa vya kutosha. Hapa mmoja wenu anadanganya. Ama wewe unakula huko Feri, ama mama anakupikia vitu huku nyumbani. Mashine haina undugu na mtu."

"Sista, nimeandika kila kitu," nikasema, nikaweka daftari mezani.

Alilisukuma kwa kalamu yake, hakulifungua. "Daftari linaandika kile unachotaka wewe."

Tulishuka ngazi. Tulipofika chini, kwenye kelele za wapiga debe wa mapazia, Nassibu alisimama.

"Mimi najijua sijadanganya," alisema.

Nilisubiri amalizie. Nilisubiri aseme, na wewe pia najua hujadanganya. Akavuka barabara.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikabadilika. Akawa ananusa chai kabla ya kunywa. Kopo la sukari niliyokuwa natumia mimi akalitoa ndani akalipeleka Feri. Akawa anarudi mapema bila kusema, anakaa kwenye kigoda karibu na jiko, anatazama mikono yangu. Nikimimina chumvi anauliza ni nini. Mtu niliyemzalia, niliyemuuguzia mama yake mpaka akazikwa, ananiuliza chumvi ni nini.

Dada yake Somoe, anayekaa Mbagala, alikuja kumjulia hali, akapewa habari zote. Akanigeukia.

"Kaka yangu hali chochote na bado sukari inapanda," alisema. "Sukari haitoki hewani, wifi."

"Sasa inatoka wapi?"

"Wewe ndiye mpishi."

Alisema pia, nikisikia, kwamba huenda naitaka ile meza ya Feri kwa ajili ya mdogo wangu Abdulkadiri, aliyekuwa hana kazi. Abdulkadiri hajawahi kukaanga hata yai.

Kibaya kuliko vyote kilikuwa siku Nassibu aliponijia Kariakoo. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, nina wateja watatu. Hakusalimia. Alichovya kidole kwenye sinia la binzari akalamba. Akachovya kwenye binzari nyembamba, kwenye tangawizi ya unga, kwenye pilipili manga, akilamba moja baada ya nyingine huku machozi ya pilipili yanamtoka.

"Baba Hidaya, unatafuta nini?"

"Natafuta unachonitilia."

Wale wateja waliweka chini vijiko vyangu wakaondoka. Hadi mwezi huo unaisha kulikuwa na watu pale mtaani wanaopita mbali na meza yangu.

Talaka alinipa Ijumaa, baada ya swala, mbele ya Somoe na mumewe. Ilikuwa talaka moja. Alikuwa ameandika kwenye karatasi, akaisoma kwa sauti ndogo, akakunja.

"Sikuchukii," alisema. "Lakini siwezi kupona nikiwa na mtu ninayemwogopa."

Sikulia pale. Nilimuuliza kama atakuja kuchukua viatu vyake vya kazi au nimtumie. Akasema atavichukua mwenyewe, na jioni hiyo akahamia Mbagala kwa dada yake.

Mimi nikakaa edda ya miezi mitatu palepale Ilala. Wanaojua wanajua: talaka ikiwa moja, edda ikiwa haijaisha, mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, bila ndoa mpya wala mahari. Sikumwambia mtu kwamba nasubiri, hata Hidaya. Lakini simu nilikuwa nalala nayo mkononi. Nilijipa hesabu yangu: akikaa kwa Somoe mwezi mmoja, sukari isiposhuka, atajua si mimi. Atapiga simu.

Mwezi wa kwanza ukapita. Nikafikiri labda imeshuka kweli, nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Nilikagua unga, nikakagua chumvi. Nilimpigia yule anayeniuzia binzari kumuuliza kama huwa anachanganya kitu. Mtu akishtakiwa muda mrefu anaanza kujipekua. Mwezi wa pili ukapita, na wa tatu. Edda ikaisha siku ya Jumanne, na Jumatano nikaenda Kariakoo kama kawaida.

Miezi miwili baadaye Somoe akanipigia. Nilishangaa kuona namba yake.

"Wifi," alisema, na sauti yake haikuwa ile. "Kaka amekatwa kidole cha mguu. Mwiba wa samaki ulimchoma akiwa kazini, hakusikia, kikaoza. Yuko wodini, Upanga. Kuna daktari anamtaka mtu aliyekuwa anampikia."

"Si unampikia wewe?"

"Anamtaka wa kabla yangu."

Nilikwenda na madaftari. Yalikuwa matatu, nimeyajaza mpaka siku ya talaka.

Daktari alikuwa msichana aliyempita Hidaya miaka michache tu, anaitwa dokta Ritha. Aliniamkia shikamoo kama mtoto wa nyumbani, akavuta kiti akakaa kando ya kitanda cha Nassibu, akaanza kusoma. Alisoma ukurasa kwa ukurasa. Nassibu alikuwa ametazama ukutani, mguu umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Somoe alisimama miguuni pa kitanda. Mara dokta akatabasamu.

"Hapa mama umeandika, 'leo ameiba nusu ya embe, amedhani sijaona.'"

Nassibu aligeuka. Nusu embe ile alikuwa hajui kwamba naijua.

"Mtu anayedanganya haandiki hivi," dokta akasema. "Baba, haya ndiyo uliyokuwa unakula?"

"Ndiyo."

"Na kwa dada?"

"Hayohayo," Somoe akajibu. "Tulifuata karatasi ya kliniki."

Akatuuliza mafuta ya karai yanabadilishwa baada ya siku ngapi. Akauliza tumbo, choo, na vile vidonge vya kuharisha, amemeza mara ngapi kwa mwaka. Nikamwonyesha: mara tisa. Akafunga daftari, akaanza kutueleza, na nitajaribu kuyasema kama alivyoyasema.

Alisema utumbo wa kila mtu umejaa bakteria, na wengi wao hawana shida wakikaa mahali pao. Lakini wapo ambao ganda lao lenyewe ni sumu. Wakifa, ganda linavunjika, sumu inabaki humo utumboni. Kinachotukinga ni ukuta wa utumbo na ute ulioufunika. Ute huo unatunzwa na bakteria wazuri, na bakteria hao wanaishi kwa makapi ya chakula tusiyoweza kuyameng'enya sisi: ya mboga za majani, mbaazi, kunde, dona, matunda.

"Wakinyimwa chakula hicho, wanakula ute," alisema. "Ukimeza vidonge vya kuua vijidudu ovyo, unaua wazuri pamoja na wabaya. Ukuta unalegea. Halafu baba anakula mafuta mengi kila siku. Hiyo sumu inapenda mafuta, inapanda nayo kama abiria, inaingia kwenye damu. Kidogokidogo. Haiui. Lakini mwili unaihisi, unadhani umevamiwa, unapigana bila kupumzika. Na mwili unaopigana hauisikii insulini. Ini linaendelea kumwaga sukari hata mtu akishinda na njaa."

"Kwa hiyo ile sukari ilikuwa inatoka wapi?" Somoe akauliza.

"Nyingi ilikuwa inatoka ndani yake mwenyewe. Kwenye ini."

Somoe alivuta shuka la kitanda, akalinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka.

Dokta Ritha hakujifanya anajua yote. Alisema hawezi kutuapia kwamba ni hilo peke yake. Sumu yenyewe wanaipima watu wa utafiti, pale wodini hakuna kipimo chake. Ugonjwa nao unakomaa kwa miaka, na kidonda kimeongeza. "Lakini ini lake limejaa mafuta, tumbo limekuwa likilalamika mwaka mzima, na hakuna aliyelisikiliza. Baba hakudanganya. Na mama hakudanganya."

Akatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Somoe akasema anakwenda kununua maji, ingawa chupa ilikuwa imejaa. Tukabaki wawili.

"Kwa Somoe," nikamuuliza Nassibu, "mwezi wa kwanza sukari ilikuwa ngapi?"

Alirudisha macho ukutani.

"Kumi na saba," alisema.

"Mwezi wa kwanza."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua si mimi."

"Nilijua."

"Edda ilikuwa imebaki miezi miwili."

"Najua ilikuwa imebaki miezi miwili, mama Hidaya."

Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikuwa anakoroma. Nilisubiri akorome mara kadhaa kabla ya kuuliza tena.

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Niliona aibu. Kila siku nilisema kesho. Ningeanzia wapi? Nilikwenda Kariakoo nikalamba viungo vyako mbele ya watu. Ningepiga simu niseme nini?"

Ningemwambia alichopaswa kusema, lakini yalikuwa maneno mawili tu, si wewe, na kama miezi miwili hakuyaona, nisingeweza kumsaidia. Nilijua namna ya kumsamehe mtu aliyenishuku. Alikuwa mgonjwa, alikuwa na hofu, na mtu mwenye koti jeupe alikuwa amemwambia mmoja wetu ni mwongo. Hilo nilikuwa nimeshamsamehe njiani, nikiwa bado sijafika wodini. Hili jingine sikulijua mpaka nilipoliuliza. Miezi ile miwili mimi nilikuwa naikagua chumvi yangu mwenyewe, na yeye anajua.

Madaftari nilimwachia dokta Ritha, akaniandikia namba yake nikikwama. Sikumpigia.

Nassibu alibadilishiwa chakula. Mbaazi zikarudi, na mchicha, dona badala ya sembe, samaki wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya. Vidonge vya kuharisha akakatazwa kununua bila kupimwa. Vya sukari aliendelea navyo, na kidonda kikafunga. Baada ya miezi minne Hidaya akaniambia sukari ya baba yake ni nane. Kidole hakikurudi, na kusimama kwenye karai kutwa nzima hakuweza tena, akaiuza ile meza.

Nilipanda zile ngazi za juu ya maduka ya mapazia mara moja. Sikuwa na nia ya kugombana. Nilitaka tu sista Jovitha ajue, maana benchi lake lilikuwa limejaa vilevile. Alinikumbuka.

"Mzee anaendeleaje?"

"Nane," nikasema.

Akatabasamu kwa dhati kabisa. "Unaona mama? Si niliwaambia itashuka, mkiacha udanganyifu."

Nilimweleza habari za mbaazi, mafuta na sumu ya tumboni. Alisikiliza nusu, akasema madaktari wa siku hizi kila mmoja na lake, akaita mgonjwa anayefuata. Mwanamke mmoja akainuka akiwa na mumewe, ameshika karatasi ileile yenye pande mbili. Nilimgusa bega mlangoni, nikamwambia aende akapate ushauri wa pili hospitali kubwa, na ataje tumbo la mumewe. Aliniangalia kama watu wa Kariakoo wanavyomwangalia mtu anayetaka kuwauzia kitu.

Mwezi uliopita Somoe alinifuata mezani kwangu. Alinunua hiliki asiyoihitaji. Kisha akasema Nassibu anataka kunioa upya, kwa mahari nitakayotaja mwenyewe.

"Amekosa, wifi. Mimi pia nimekosa. Lakini ni mgonjwa."

"Alipokuwa mgonjwa nilikuwa mke wake," nikasema.

"Basi nimwambie nini?"

"Mwambie hapana. Mwambie kwa upole."

Alifunga mfuko wake wa hiliki. Kisha akaniuliza mbaazi nazipikaje zikalainika bila mafuta, kwa kuwa zake Nassibu anazisukuma kando. Nikamweleza: aziloweke tangu jana yake, azichemshe mpaka zipasuke ndipo atie chumvi, kitunguu na nyanya, na tui awe analiweka jepesi, kijiko tu, kwa ajili ya harufu. Akarudia maneno yangu yote ili asisahau.

Mteja akaja akataka mdalasini, nikampimia. Nilipoinua kichwa Somoe alikuwa ameshafika ng'ambo ya barabara, mfuko wa hiliki mkononi, anatafuta gari la Mbagala.